UMESIMAMA KWENYE JUA LA NGORONGORO, UNATUUZIA JUA LA KOPO!

Wadau, leo sina ubuyu. Leo nina hasira, na nitazimwaga hapa hapa.

Mmeiona ile posti, msinizuge. Ile ya dada yetu mwenye wafuasi wengi kuliko wakazi wa wilaya nzima ya Karatu. Amesimama ukingoni mwa kreta ya Ngorongoro, mwamvuli juu, glavu mkononi, miwani imefunika nusu uso, koti mpaka kwenye visigino. Mkono mmoja umeshika kopo la vidonge. Maelezo chini ya picha: ubongo wako umechoka kwa sababu huna vitamini D, una msongo, una sonona, mtoto wako ana kifafa, mtoto wako ana usonji, jibu ni hili hapa, shilingi 85,000, wa mikoani tunatuma kwa basi.

Jina sitaji. Mwenyewe anajijua, chawa wake wanamjua. Na wala hayuko peke yake. Kuna kaka mmoja wa vichekesho anauza kopo kama hilo kwa lebo nyingine. Kuna mama mchungaji wa TikTok naye ameingia. Mwaka huu mchongo ni vitamini D kama ilivyokuwa tangawizi, kama ilivyokuwa mlonge, kama yalivyokuwa maji ya kila rangi.

Ila hili la safari hii limenigusa kwa sababu mbili. Moja, wamekuja kupigia picha kwetu. Mbili, wanacheza na vichwa vya watu. Biashara ya wigi ukiniuzia feki nitacheka, nitavua, nitatupa. Biashara ya ubongo mtu akiuziwa feki haiishii kwenye kucheka.

Mimi sio daktari. Nimeishia kidato cha nne. Ila kusoma najua, na haya nitakayoyasema yameandikwa, hayajafichwa. Kama mimi nimeweza kuyatafuta kwa bando la shilingi 1,000, mtu mwenye timu ya watu saba na meneja alishindwa nini?

TUANZE NA UKWELI WAO

Sitaki mtu aje kuniambia napinga vitamini D. Sipingi. Vitamini D ni kitu cha kweli, na kwenye ubongo ina kazi.

Inavyokuja ni hivi. Jua likipiga ngozi, miale yake ya aina ya UVB inabadilisha aina fulani ya mafuta yaliyo kwenye ngozi kuwa vitamini D. Inaenda kwenye ini, inabadilishwa. Inaenda kwenye figo, inabadilishwa tena, ndio inakuwa tayari kufanya kazi. Kazi yake kubwa ni kusaidia mwili kuvuna kalsiamu kutoka kwenye chakula. Na kalsiamu sio ya mifupa tu. Mishipa ya fahamu haiwezi kupeleka taarifa bila kalsiamu. Ndio maana mtoto mchanga mwenye upungufu mkali sana wa vitamini D anaweza kupata degedege: kalsiamu kwenye damu imeshuka mno, mishipa inachanganyikiwa.

Zaidi ya hapo, mwaka 2005 mtafiti wa Australia, Darryl Eyles, na wenzake walionyesha kuwa ubongo wa binadamu una vipokezi vya vitamini D sehemu nyingi, pamoja na zile zinazohusika na kumbukumbu na mwendo. Miaka miwili kabla ya hapo walishaonyesha kuwa panya waliozaliwa na mama asiye na vitamini D wanakuwa na ubongo wa umbo tofauti. Kuna pia ugonjwa unaoitwa maltipo sklerosisi, ambapo kinga ya mwili inashambulia ganda la mishipa ya fahamu. Unapatikana zaidi kwenye nchi zilizo mbali na ikweta, na utafiti wa mwaka 2006 kwa askari wa Marekani ulikuta askari weupe wenye vitamini D nyingi kwenye damu walikuwa na hatari ndogo ya kuupata.

Kwa hiyo wauzaji hawajatoka hewani. Wamechukua ukweli wa robo kilo, wakauchanganya na unga wa gunia zima. Uongo mtupu tungeukamata mapema. Huu wa mchanganyiko ndio unaopita.

SASA NJOO KWETU

Dada yetu anasema Waafrika hatuna vitamini D kwa sababu ngozi nyeusi inazuia jua. Kweli, melanini inapunguza kasi. Mtu mweusi anahitaji muda mrefu zaidi juani kuliko mweupe. Lakini hebu sikiliza hii.

Mwaka 2012 jarida la Uingereza la masuala ya lishe, British Journal of Nutrition, lilichapisha utafiti wa Waholanzi wa Chuo Kikuu cha Groningen, wakiongozwa na Martine Luxwolda. Walipima damu ya watu 60 wa Tanzania: Wamasai 35 na Wahadzabe 25. Wahadzabe hao hao wa Ziwa Eyasi, huku chini ya Mang'ola, tunakopata vitunguu. Wengi wa madaktari wanahesabu kuwa ukifika nanomoli 50 kwa lita uko salama. Wamasai walikuwa na wastani wa 119. Wahadzabe 109. Aliyekuwa chini kuliko wote kati ya hao 60 alikuwa na 58.

Soma tena taratibu. Wa mwisho darasani amefaulu.

Hawakuwa na kopo. Hawakuwa na namba ya kuagizia. Na msidhani walikuwa wanajianika kama dagaa. Watafiti waliandika kwamba watu hawa wanavaa nguo kiasi, wanakaa nje sehemu kubwa ya siku, na wakipata kivuli wanakaa kivulini. Yaani wanaishi tu. Wanachunga, wanatembea, wanachimba mizizi, wanapiga stori chini ya mti.

Kipimo hicho kikawa mfano duniani. Wanasayansi wanaojiuliza mwili wa binadamu uliumbwa kuishi na vitamini D kiasi gani, wanataja watu wa kwetu. Halafu mtu anatoka Dar na ndege, anapanda Land Cruiser Arusha, anapita Karatu vioo vimefungwa (na UVB haipiti kwenye kioo, kwa taarifa yake), anafika kwa watu hao hao, anatuambia ubongo wetu umekauka kwa kukosa kile alichokikimbia yeye kwa mwamvuli. Aisee.

Mimi najua huku kuna ubaridi. Ukingo wa kreta uko zaidi ya mita 2,200 juu ya bahari, na Julai ukungu unakaa mpaka saa nne. Lakini Karatu tuko nyuzi 3 na kidogo kusini mwa ikweta. Ukungu ukiondoka, jua ni lile lile mwaka mzima, na huku juu milimani hiyo miale ya UVB inapiga zaidi kuliko pwani. Kule London wakati wa baridi jua linakuwa chini sana mpaka ngozi haitengenezi vitamini D kwa miezi kadhaa. Ndio maana serikali ya Uingereza inawashauri watu wake wafikirie kumeza yuniti 400 kwa siku vuli na baridi, na wenye ngozi nyeusi wafikirie mwaka mzima. Shangazi yako aliyeko London, mwambie anunue, ameshauriwa vizuri. Mchuma kahawa wa Rhotia ushauri huo haukuandikwa kwa ajili yake. Dada yetu amechukua dawa ya baridi ya Ulaya akaja kuiuza kwenye jua.

"ILA UTAFITI UNASEMA WENYE SONONA WANA VITAMINI D KIDOGO"

Unasema kweli. Na hapa ndipo wanapotupigia.

Mtu mwenye sonona anafanya nini? Anajifungia ndani. Pazia chini, shuka kichwani, simu mkononi. Haendi kazini, haendi kanisani wala msikitini, hatoki hata barazani. Atapata wapi jua? Kwa hiyo ukimpima utakuta vitamini D imeshuka. Swali ni je, vitamini D iliposhuka ndio sonona ikaja, au sonona ilipokuja ndio vitamini D ikashuka?

Njia ya kujua ni moja: wape watu vidonge, wengine wape vidonge vitupu visivyo na kitu, subiri, hesabu. Wamarekani walifanya. Watu 18,353 wa umri wa miaka 50 na kuendelea. Kundi moja yuniti 2,000 kila siku, kundi lingine vidonge vitupu, kwa zaidi ya miaka 5. Majibu yalitoka mwaka 2020 kwenye jarida la madaktari la JAMA. Sonona ilikuwa sawa kwa sawa pande zote mbili.

Mtu atasema hao wengi hawakuwa na upungufu. Hasa! Ndio hoja yangu. Ukijaza ndoo iliyojaa, maji yanamwagika. Mwenye upungufu atibiwe upungufu wake, baada ya kupimwa. Asiye na upungufu ananunua mkojo wa bei ghali.

Tena afadhali ungekuwa mkojo. Vitamini D haitoki kirahisi hivyo, inakaa kwenye mafuta ya mwili. Kwenye lebo ya kopo lile, kama utakuza picha, utaona yuniti 10,000 kwa siku. Kiwango cha juu ambacho mtu mzima anaambiwa asivuke bila daktari ni 4,000. Ukizidisha kwa muda mrefu kalsiamu inapanda kwenye damu: kichefuchefu, kutapika, kiu isiyoisha, figo kuumia, na, shikilia hapo, kuchanganyikiwa akili. Yaani dawa ya ubongo ikizidi inavuruga ubongo. Hilo kwenye posti halikuandikwa.

KILICHONIFANYA NIANDIKE

Kuna mama mmoja mtaani kwetu, anapanga vitunguu kwenye meza barabarani. Binti yake ana kifafa tangu mdogo. Kwa miaka mitatu alikuwa anameza fenobabitoni za hospitali na akatulia, akarudi shule, akawa anasaidia mezani. Mama akaona klipu. Sio kwamba mama ni mjinga, naomba tusielewane vibaya. Ni mama aliyechoka kuona mwanae akinyanyapaliwa, akasikia mtu anayemheshimu, mrembo, anayejua kuongea, anasema kuna kitu kinaondoa kabisa.

Akakopa kwenye kikoba. Kopo likaja kwa basi. Maelekezo aliyopewa kwenye simu: acha kwanza zile kemikali za hospitali, zinagombana na hii.

Siku ya tano binti alianguka jikoni, mkono ukaingia kwenye moto. Vidole viwili havikunji tena. Na mguu ule wa kifafa haukuwa mmoja, ulifuatana na mwingine na mwingine mpaka akafikishwa hospitali, kwa sababu dawa za kifafa ukizikata ghafla mwili unalipiza. Mama alipompigia muuzaji alijibiwa aongeze dozi. Alipopiga tena, namba ilikuwa imemfungia.

Sasa angalia uchungu ulipo. Fenobabitoni na baadhi ya dawa nyingine za kifafa kweli zinaweza kushusha vitamini D mwilini zikitumika miaka mingi. Daktari anaweza kabisa kumpima mgonjwa wa kifafa na kumwongezea vitamini D juu ya dawa zake. JUU ya dawa. Muuzaji alikuwa na ukweli mkononi ambao ungemsaidia yule binti, akaugeuza kuwa kisu.

Na kifafa cha huku kwetu kina sababu zake. Majirani zetu wa Mbulu, hospitali ya Haydom, watafiti wameandika miaka mingi jinsi minyoo ya tegu ya nguruwe inavyohusika na kifafa: mayai yanaingia kwa uchafu, viluwiluwi vinajificha kwenye ubongo. Niambie wewe, kapsuli ya jua inamfanya nini kiluwiluwi?

KRIMU MKONO WA KULIA

Bado sijamaliza na dada yetu. Shuka chini kidogo kwenye ukurasa wake, posti sita nyuma. Unaona nini? Krimu ya kung'arisha. "Rangi ya mtume, siku saba." Na maelekezo: epuka jua kabisa.

Kwa hiyo anakuuzia krimu inayokufanya uliogope jua, halafu anakuuzia jua kwenye kopo. Anavuna kwenye kuumwa, anavuna kwenye kupona.

Na sijui hiyo yake ina nini ndani, sitamsingizia. Ila krimu nyingi za kuchubua zilizokamatwa duniani zimekutwa na zebaki. Shirika la Afya Duniani limesema wazi kuwa zebaki ya kwenye krimu inaumiza figo, na pia inaleta wasiwasi, sonona na kuharibika kwa mishipa ya fahamu. Mkataba wa Minamata, uliopewa jina la mji wa Japani ambako zebaki iliharibu mishipa ya fahamu ya watu kwa samaki waliokula, umepiga marufuku vipodozi vya zebaki, na Tanzania tumo. Mtu anayeujali ubongo wako angeanzia hapo. Angesema: dada zangu, krimu isiyo na orodha ya vilivyomo, tupa. Mbona hasemi?

NAJUA MTAKAYONIJIBU

"Wivu." Sawa, nina wivu. Namwonea wivu simu yake. Tuendelee.

"Mjini watu wanapungukiwa kweli." Ndiyo, na sitalificha. Uhakiki wa tafiti za Afrika nzima uliotoka mwaka 2020 kwenye Lancet Global Health ulionyesha watu wa mjini wana vitamini D ndogo kuliko wa vijijini, wanawake kuliko wanaume, watoto wachanga kuliko mama zao. Ukiamka gizani, ukakaa ofisini au dukani mpaka usiku, ukavaa kufunika mwili mzima, una figo mbovu au ini bovu, au ni bibi asiyetoka kitandani, nenda ukapimwe. Kipimo ni cha damu. Ukikutwa huna, utapewa kiasi chako. Hiyo ni tiba. Ninayoipiga mimi ni ile ya "wote mmeze, wote mnaumwa."

"Kwa hiyo tukachomwe na jua?" Hapana. Rudi kwa Wahadzabe: nje, na kivuli karibu. Na ndugu zetu wenye ualbino hili haliwahusu kabisa. Wao ngozi inatengeneza vitamini D kwa jua dogo sana, na jua hilo hilo linawaletea kansa ya ngozi. Kofia, mikono mirefu, mafuta ya kuzuia jua kama yale yanayotengenezwa KCMC pale Moshi. Mtu asichukue maandishi yangu kwenda kumvua mtu kofia.

"Mtoto wangu je, nifanye nini ubongo wake ukue vizuri?" Hili ndilo swali nililotaka mastaa walijibu. Ukiwa na mimba, meza vile vidonge vya madini chuma na asidi ya foliki unavyopewa kliniki. Asidi ya foliki, ikianza mapema, inapunguza watoto kuzaliwa na mgongo wazi. Pika kwa chumvi yenye madini joto, kwa sababu upungufu wake unadumaza akili kwa hakika. Mtoto mchanga ukungu ukiondoka mtoe kibarazani, sio umfunike blanketi tatu mpaka mchana. Nyama ya nguruwe ipike iive, osha mikono, tumia choo. Hakuna picha nzuri ya kupiga hapo, na hakuna asilimia ya mauzo. Labda ndio maana hawaposti.

Sasa neno la mwisho kwa ninyi wa makopo. Hatusemi msile bata, hatusemi msiuze. Uzeni nguo, uzeni viatu, uzeni wigi, uzeni albamu. Ila dawa ina watu waliosomea, na ina mamlaka yake, TMDA. Kama kopo lako linatibu sonona, kifafa na usonji, lipeleke kwao ukalisajili kama dawa ya magonjwa hayo, ulete namba tuione. Huna namba? Basi futa. Na kama kuna mtu ulimwambia aache dawa za hospitali, mtafute leo, mwambie arudi kwa daktari wake. Usisubiri nikutaje, sitakutaja. Subiri mama wa watu akutaje mahakamani.

Na wewe unayesoma, kama unameza dawa za kifafa au za sonona, usikate hata kidonge kimoja kwa sababu ya posti ya mtu. Hata posti yangu hii.

Komenti ziko wazi. Umeshawahi kuuziwa dawa ya ubongo? Ilikuwa bei gani, na ulijibiwa nini ulipolalamika? Funguka. Chawa nao karibuni, ila njooni na namba ya usajili mkononi.